Mkono Usiokimbilia Spana

Giaboksi ya otomatiki haifi siku moja. Mwenye pikapu akifika gereji akiburutwa na brekidauni ataapa kwamba jana gari lilikuwa zima, lakini ukimkalisha kivulini na kumuuliza taratibu, utasikia kwamba lilianza kulalamika kabla hata ya mvua zilizopita. Asubuhi aliliweka kwenye D likasita kabla ya kusogea. Likipanda ukingo lilinguruma bila kuongeza mwendo. Kutoka gia ya pili kwenda ya tatu lilipiga teke, kisha likatulia, na kwa kuwa lilitulia, mwenyewe akasahau. Kila dalili ilizoeleka kabla ya nyingine kuja, mpaka siku gari lilipokataa kabisa kushika gia.

Nataka kumsifu mtu anayezisikia dalili hizo mapema. Simsifu kwa nguvu za kushusha giaboksi ambayo watu wawili huinyanyua kwa kugugumia, wala kwa wingi wa spana zake. Namsifu kwa kile anachofanya kabla ya kulegeza bolti ya kwanza. Naamini hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Kazi inayofuata ni ya mikono, ngumu na ya kuheshimika, lakini mikono hufundishika upesi kuliko subira.

Garissa ni mahali pa kuupima ukweli huo, kwa sababu pale kosa la kutambua ugonjwa lina bei kubwa. Mji uko bondeni kando ya Mto Tana, kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Februari au Machi joto hupita nyuzi 35 bila mtu kushangaa. Nairobi iko umbali wa kilomita kama 370. Vipuri vingi vya giaboksi hutafutwa huko, kwenye maduka ya Kirinyaga Road ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, vikafungwa kwenye boksi na kupakiwa kwenye basi la kuja Garissa. Ukiagiza kifaa kisichohusika, umepoteza pesa, umepoteza siku, na gari limebaki juu ya mawe huku mbuzi wakilala chini yake. Mwenye gari hapati riziki. Na kama pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikipeleka maji kwa familia za wafugaji nje ya mji, hasara haiishii kwake.

Kwa muda mrefu watu wa huku hawakuhitaji ujuzi huu. Gari la Kaskazini Mashariki lilikuwa la gia za mkono. Land Cruiser zilizojaa Dadaab tangu kambi za wakimbizi zilipofunguliwa mwaka 1991, pikapu za miraa zinazotoka Maua kwa mwendo wa kutisha, malori ya mifugo yanayoelekea soko la Garissa: dereva alikanyaga klachi, akabadilisha gia, na klachi ikiisha fundi aliibadilisha chini ya mgunga. Otomatiki imekuja baadaye, pamoja na pikapu za milango minne za Hilux, D-Max, Ranger na Navara. Nyingine zimenunuliwa mpya. Nyingi zimeagizwa zikiwa zimetumika, na kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia mradi halijazidi miaka minane, linaweza kushuka Mombasa likiwa na miaka saba ya uchovu ambayo mnunuzi hakuiona. Linang'aa rangi, viti vina harufu ya upya, na ndani ya giaboksi mna mafuta meusi ambayo pengine hayajawahi kuguswa.

Ni lazima nieleze kidogo kilichomo humo, kwa maana bila kukijua huwezi kumthamini anayekitibu. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alisajili hataza ya njia ya kupitisha nguvu kwa kutumia umajimaji badala ya chuma kushikana na chuma. Alitaka nguvu ya tabo ya meli iifikie rafadha. Wazo hilo ndilo lililozaa konveta, lile duara zito kama boga lililo kati ya injini na giaboksi: injini huzungusha mapezi ya upande mmoja, mafuta hurushwa, na mapezi ya upande wa pili husukumwa na mafuta hayo. Ndiyo maana gari la otomatiki husimama kwenye D bila injini kuzima. Mwaka 1939 General Motors walitoa Hydra-Matic, giaboksi ya kwanza ya otomatiki iliyouzwa kwa wingi, katika magari ya Oldsmobile. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1969, Wajapani wa Aisin waliungana na BorgWarner wa Marekani, na kutokana na ubia huo zikatoka giaboksi ambazo leo ziko chini ya Toyota nyingi zinazopita daraja la Garissa.

Nyuma ya konveta kuna gia zinazozungukana na hazitengani kamwe. Kinachobadilika ni kipi kimeshikwa na kipi kimeachiwa. Kazi ya kushika hufanywa na sahani za klachi, nyembamba, za chuma, zilizogandishwa juu yake utando wa karatasi maalumu usiofikia milimita moja. Naam, karatasi. Pikapu yenye tangi la lita elfu moja za maji mgongoni huvutwa na karatasi iliyoloweshwa mafuta na kubanwa kwa nguvu za hidroliki. Pampu huleta mafuta, vali bodi huyagawa kupitia vijia vingi vilivyochongwa kwenye alumini, solenoidi hufungua na kufunga kwa amri ya kompyuta, na sahani hubanwa. Zikibanwa sawasawa na kwa wakati, utando hudumu miaka. Zikibanwa nusunusu, zinateleza. Zikiteleza, zinapata joto. Zikipata joto, karatasi inaungua, na kuanzia hapo uharibifu hujilisha wenyewe.

Mafuta yenyewe yana kazi mbili zinazopingana: yalainishe beringi na gia, na papo hapo yaziruhusu sahani kushikana. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wa Marekani walitia ndani yake mafuta ya nyangumi ili kupata uwiano huo. Mafuta hayo yalipopigwa marufuku huko, ilibidi kemia itafute badala yake. Nalitaja hili kwa sababu bado kuna wanaodhani mafuta mekundu ni mekundu, yoyote yatafaa. Giaboksi iliyoundwa kwa mafuta ya WS ya Toyota, yaliyo mepesi, haitafurahia Dexron III kwa sababu tu dukani ilikuwa ya bei nafuu.

Sasa ilete mashine hiyo Kaskazini Mashariki. Kwenye mchanga, gari huenda polepole huku injini ikivuta kwa nguvu. Konveta haifungi kufuli yake ya ndani kwa mwendo huo, kwa hiyo mafuta huchapwa tu na kugeuka joto. Joto hilo hupelekwa kwenye kipoozeo kilichomo ndani ya radieta, lakini radieta imezibwa na vumbi na ukoko wa panzi, na upepo unaopita nao ni wa moto. Dizeli huongeza lake. Injini ya lita 2.8 iliyomo kwenye Hilux ya karibuni hutoa msokoto wa nyutoni-mita 450 ikiwa na otomatiki, na toleo la kuanzia mwaka 2020 hutoa 500, na nguvu hiyo huja mapema, injini ikiwa bado inazunguka taratibu. Nguvu ya aina hiyo ndiyo inayotakiwa mchangani, na ndiyo inayozidhili sahani zilizokwisha kuchoka. Dereva mwenye busara huweka gia ndogo ya foo-wili kabla ya kuingia kwenye mchanga mzito, kwa sababu gia hiyo huipunguzia konveta mzigo. Wengi hungoja mpaka wakwame.

Basi gari limefika gereji. Fundi ninayemfikiria haulizi kwanza "nini kimeharibika?" Anauliza maswali ambayo mteja mwenye haraka huyaona ya kipuuzi.

"Adeer, linachelewa likiwa baridi au likishapata moto?"

"Likipata moto. Asubuhi halina neno."

"Rivasi je? Inashika sawa?"

"Rivasi haina shida."

"Uliwahi kuongeza mafuta ya giaboksi? Ya aina gani? Ulivuka maji?"

Mzee anaitwa adeer kwa heshima ya umri, lakini maswali hayamwachii nafasi ya kukwepa. Kila jibu hufunga mlango mmoja. Giaboksi inayosumbua ikiwa moto tu huenda inavuja shinikizo ndani, kwa sababu mafuta moto ni mepesi na hupenya palipochakaa. Inayosumbua mbele lakini si nyuma imekwisha kutoa ushahidi kwamba pampu si mshtakiwa wa kwanza, maana pampu ni moja kwa pande zote mbili.

Kisha anavuta kijiti cha kupimia, kama gari linacho. Giaboksi za zamani kidogo, za Surf na Prado, zina kijiti; nyingi za kisasa hazina, na kupima mafuta yake hutaka gari linyanyuliwe likiwa sawa, mafuta yafikie joto lililoandikwa kwenye kitabu, kisha nati ya kufurika ifunguliwe. Mafuta mekundu yanayopenyeza mwanga ni habari njema. Rangi ya kahawia ni onyo. Meusi yenye harufu ya kuungua ni taarifa ya msiba, na harufu hiyo ukishaijua huwezi kuisahau: kali, inayoshika kooni. Analisugua tone kati ya vidole viwili akitafuta chenga.

Wafugaji wa huku humfanyia ngamia mgonjwa vivyo hivyo. Kabla ya dawa wanamtazama anavyosimama, wanasikiliza pumzi, wanakagua kinyesi, wanauliza alikula wapi juzi. Sidhani ni ajabu kwamba vijana waliolelewa na watu hao hupata mafanikio katika kazi ya kutambua magonjwa ya magari. Walikua wakiona kwamba mnyama asiyesema bado hueleza.

Baada ya hapo fundi anaomba ufunguo aendeshe mwenyewe. Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo gereji nyingi huruka hatua.

Gari likiwa limepata moto na limesimama, anatoa leva kutoka N kwenda D na kuhesabu muda mpaka asikie mwili wa gari unashtuka kidogo. Kwa giaboksi ya Toyota ya aina ya A340, kitabu kinataka isizidi sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R isizidi 1.5. Tofauti ndogo hivyo hupimwa kwa saa, lakini fundi mzoefu huisikia kwenye kiti.

Kisha kipimo cha kukaba. Magurudumu yote yamewekewa mawe, breki ya mkono imevutwa, mguu wa kushoto umekanyaga breki mpaka mwisho, leva iko kwenye D, na mguu wa kulia unakandamiza mafuta yote kwa muda usiozidi sekunde tano. Macho yako kwenye mshale wa mizunguko. Kila modeli ina kiwango chake. Mshale ukipita kiwango kwenye D peke yake, klachi ya mbele inateleza. Ukipita kwenye R peke yake, tafuta klachi na breki zinazohusika na rivasi. Ukipita kote kuwili, shinikizo la mafuta lenyewe ni dogo: mafuta yamepungua, filta imeziba, au pampu imechoka. Ukiwa chini ya kiwango, huenda injini ndiyo dhaifu, au klachi ya upande mmoja iliyomo ndani ya konveta imeachia. Sekunde chache, bila kufungua chochote, na umeshajua uende upande gani. Kipimo hiki kina hatari, kwa sababu mafuta hupata joto kali kwa muda mfupi na mtu aliyesimama mbele ya gari anaweza kuumia. Kwa hiyo sitaki mwenye gari akijaribu nyumbani. Nataka tu ajue kwamba kipo, amuulize fundi kama kimefanywa.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji hata mawe. Gari linakwenda kilomita 70 au 80 kwa saa kwenye lami ya kuelekea Modika, na linatetemeka, kana kwamba linapita juu ya matuta madogo yasiyoonekana. Mwenyewe ana hakika ni giaboksi. Fundi anagusa pedali ya breki kwa mguu wa kushoto, kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa za nyuma, huku akiendelea kukanyaga mafuta. Taa za breki zikiwaka, kompyuta huachia kufuli ya konveta. Mtetemo ukitoweka papo hapo, tatizo ni kufuli hiyo au mafuta yake. Mtetemo ukibaki, injini ndiyo inayokosa, na tunaanza kuzungumza juu ya injekta, filta ya dizeli, au dizeli iliyokaa kwenye mapipa. Mguso mmoja wa kidole gumba cha mguu umeokoa giaboksi isifunguliwe bure.

Kwenye zile A340 za zamani kuna ujanja mwingine mzuri. Chomoa waya za solenoidi kisha endesha. Bila umeme, leva ikiwa kwenye D utapata gia ya juu kabisa, kwenye 2 utapata ya tatu, kwenye L utapata ya kwanza. Gia zote hizo zikishika kwa nguvu, sehemu za chuma zinaanza kuaminika, na mkono unaelekea kwenye waya, sensa na kompyuta. Zisiposhika, umeme hauna hatia.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ninaiheshimu, na fundi asiyekuwa nayo leo anafanya kazi na jicho moja. Hata hivyo mashine husoma kile ambacho sensa imeona. Itakwambia kwamba uwiano wa gia ya tatu si sahihi. Haitakwambia kama ni kwa sababu karatasi imekwisha, au sili ya mpira imekauka kwa joto, au fundi wa mwisho alisahau mpira wa duara wa thamani ya shilingi hamsini. Wako wanaochomeka mashine, wakasoma msimbo, wakaagiza giaboksi nzima kutoka Nairobi. Hiyo ni kubahatisha kwa gharama ya mteja.

Hatua ya mwisho kabla ya hukumu ni kufungua sampu. Mafuta yanamiminwa kwenye beseni safi, si ardhini, na fundi anazigeuza sumaku ndogo zilizolala chini ya sampu. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uzee wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho vinatoka kwenye beringi, gia au sahani. Vumbi la rangi ya dhahabu lisiloshikwa na sumaku ni shaba ya bushi. Nyuzi nyeusi na vumbi jeusi ni karatasi ya klachi. Hapo ndipo fundi mwaminifu humwita mwenye gari aje ajionee mwenyewe, na hapo ndipo mazungumzo ya pesa yanapaswa kuanza. Kabla ya hapo ni mapema mno.

Mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hukumu ni kwamba giaboksi haina kosa. Bomba la turbo limepasuka, nguvu imepungua, na kompyuta inachelewa kubadilisha gia. Viungo vya propela shafti vimelegea, vinagonga kila gari linapoondoka. Maunti ya giaboksi imekatika, na teke linalosikika ni la chuma kinachoruka kwenye fremu. Hapa fundi hujaribiwa. Mteja amekuja akiamini giaboksi imekufa, yuko tayari kulipa kama imekufa. Kumwambia kwamba maunti peke yake inatosha ni kuikataa pesa iliyokwisha kunyooshwa mkononi. Wapo wanaoikataa, na kwa hilo wanastahili kutajwa kabla ya watu wengi wanaotajwa magazetini.

Mafuriko yalileta darasa jingine. Mwezi wa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoufurisha Tana, barabara ya kuingia Garissa ilikatika upande wa Madogo. Aprili na Mei 2024 maji yalirudi, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua Kona Punda, pakatokea na msiba wa mashua kuzama. Madereva waliojaribu kupita kwa magari walilipia baadaye. Giaboksi ina tundu la kupumulia lenye kimpira kirefu kinachopanda juu. Ikiwa moto na ikatumbukizwa ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta kile kilichoko nje. Kimpira kikiwa kimepasuka, kilichoko nje ni maji ya Tana. Mafuta huwa ya waridi hafifu, mazito, yenye povu, na karatasi za klachi hunyonya maji mpaka gundi inaachia. Tatizo ni kwamba rangi hiyohiyo hutokea pia kipoozeo cha ndani ya radieta kinapotoboka, maji ya radieta yakaingia kwenye giaboksi bila gari kuvuka hata kidimbwi. Fundi anayeuliza kama ulivuka maji, kisha akafungua kifuniko cha radieta kutazama kama kuna mafuta yanayoelea, anatenganisha visa viwili ambavyo ukivichanganya, utaijenga upya giaboksi na kuirudisha kwenye radieta mbovu ile ile. Itakufa tena.

Na ikibidi kufungua? Basi kazi huhamia mezani, na adui huwa vumbi. Garissa vumbi haliombi ruhusa. Nimeona gereji ambako kibanda kimoja kimefungwa pande zote kwa turubai, sakafu imenyunyizwa maji, na hakuna anayeruhusiwa kuingia na tambara la pamba, kwa sababu uzi mmoja wa tambara unaweza kukwamisha vali iliyochongwa kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Sehemu husafishwa na kukaushwa kwa hewa ya kompresa. Zinapangwa mezani kwa mfuatano zilivyotoka, kushoto kwenda kulia. Sahani mpya zinaloweshwa kwenye mafuta mapya kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu, zitaungua dakika za mwanzo. Nafasi kati ya sahani hupimwa kwa fila, si kwa kukadiria.

Ili vigololi vya vali bodi na beringi bapa visianguke wakati wa kufunga, hushikizwa kwa mafuta ya kupaka mwilini, yale meupe ya kopo. Si grisi. Mafuta hayo huyeyuka na kuchanganyika na mafuta ya giaboksi, ilhali grisi inaweza kubaki kama donge na kuziba kijia. Vitabu vya watengenezaji vinasema hivyo hivyo. Kisha hewa hupulizwa kwenye kila tundu la klachi, na fundi hutega sikio: pistoni ikigonga dup, sili zimekaa, ikitoa mluzi tu, kuna inayovuja na itafunguliwa tena. Mwisho ni konveta, ambayo lazima izungushwe huku ikisukumwa mpaka iingie ngazi zake zote. Asiyejua huishia ngazi ya kwanza au ya pili, akaivuta giaboksi kwenye injini kwa nguvu za bolti, na pampu mpya ikavunjika kabla gari halijawashwa. Anayejua hupima kina chake kwa rula kabla ya kuinyanyua.

Kuna imani iliyoenea kwamba kubadilisha mafuta kwenye giaboksi ya zamani huiua. Nimeisikia Garissa, nimeisikia Nairobi. Kilicho kweli ni kwamba mtu hukumbuka mafuta baada ya gari kuanza kuteleza, na wakati huo karatasi imekwisha. Mafuta mapya hayawezi kuirudisha. Giaboksi ilikuwa inakufa, mafuta yakapewa lawama. Dawa ni kuyabadilisha mapema, na kuelewa kwamba kufungua nati ya sampu hutoa lita tatu au nne tu kati ya karibu kumi; nyingine zimo kwenye konveta na mabomba, kwa hiyo kazi hurudiwa baada ya muda. Kwa joto na mchanga wa huku, kuliamini neno la kwamba mafuta hayo yamewekwa kwa maisha yote ya gari ni kosa kubwa. Aliyesema hivyo hakuwa akiipeleka pikapu Habaswein.

Ujuzi huu wote vijana huupata kwa njia mbili. Wako wanaopita North Eastern National Polytechnic hapo mjini, na wako waliojifunzia chini ya gari la mtu mwingine, kisha wakafanya mtihani wa daraja wa NITA ili wawe na karatasi mkononi. Sioni sababu ya kuwapambanisha. Ningependa wa kwanza wapewe giaboksi halisi za kufungua na kufunga, na wa pili wapewe vitabu vya vipimo, kwa sababu namba kama zile sekunde 1.2 mtu hazipati kwa kukisia.

Lakini jambo linaloumiza zaidi ufundi huu si mafunzo. Ni sisi wenye magari. Tumezoea kulipia kipuri tunachokiona na jasho tunaloliona. Fundi akitumia asubuhi nzima kuuliza, kuendesha, kukaba, kusikiliza na kunusa, kisha akasema giaboksi ni nzima, badilisha maunti, tunampa pesa ya chai na kuondoka. Aliyeishusha giaboksi bila sababu akaipandisha tena, tunamlipa maelfu, tena kwa shukrani. Kwa mtindo huo tunawafundisha mafundi wetu kwamba kujua hakulipi, na kwamba kufungua ndiko kunakolipa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye pikapu, ikianza kuchelewa kushika gia usingoje mwezi. Mpelekee fundi ikiwa bado inatembea, ili aweze kuiendesha. Mwambie kila kitu, pamoja na mafuta ya bei nafuu uliyoongeza na maji uliyovuka. Mpe muda wa kupima. Na kabla hajagusa spana, kubalianeni bei ya upimaji peke yake, kisha umlipe bei hiyo kamili hata akikwambia hakuna cha kufungua.